Siku Tisa Zisizopimwa

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla chai haijachemka, Futi alikuwa ameshapanda ngazi na kushuka, daftari kwapani na penseli sikioni kama fundi wa miaka thelathini. Jina hilo la Futi alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakutaka kuchezea mwanasesere. Alichezea futi ya kupimia nguo. Alimpima paka, akapima sufuria, akapima hata miguu ya wateja waliokuja kushonewa mashati. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na alikuwa amepewa kazi iliyowafanya watu wazima wa jengo zima wamwite “bosi”.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa tatu, kuukuu, lenye ngazi za saruji zilizolika katikati. Chini, mbele, kulikuwa na chumba cha kushonea. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha Futi na mama yake, na mwisho kabisa, kwenye ukuta unaopakana na kiwanja cha jirani, kulikuwa na chumba cha bibi yake Futi, ambaye jengo zima lilimwita Bibi. Juu waliishi familia sita pamoja na fundi seremala mmoja asiyeishiwa maneno. Baba yake Futi alikuwa dereva wa lori, leo hapa kesho kule, akionekana nyumbani mara moja kwa mwezi.

Watu waliishi kwa raha zao mpaka jirani alipoanza kuchimba msingi wa jengo jipya. Shimo likaenda chini, likajaa maji, ikaletwa pampu ya kuyanyonya. Ilinguruma kutwa nzima. Hazikupita wiki mbili, nyufa zikatokea: mbili ukutani kwenye ngazi, mbili kwenye ushoroba wa nyuma, na moja juu ya mlango wa Bibi. Wapangaji wakaja juu, na mwenye nyumba, mzee asiyependa kelele aliyeishi ghorofa ya tatu, akaenda kumtafuta mhandisi.

Alikuja mwanamke mfupi mwenye miwani, viatu vimejaa matope, kompyuta ndogo begani. Hakuanza na nyufa. Alianza na shimo, kisha akachimbua udongo nyuma ya jengo kwa bomba refu la chuma, akautia kwenye mifuko na kuuandikia namba. Siku ya tatu aliwakusanya wapangaji uani.

“Mtu mnene akikaa ukingoni mwa kitanda, nini hutokea?” aliuliza.

“Godoro linabonyea,” alijibu Futi.

“Na mtu mwenyewe?”

“Anainama upande.”

“Anaanguka na chai yake!” alidakia seremala, na watu wakacheka.

“Basi ndiyo habari yenyewe,” alisema mhandisi. “Jengo linaibonyeza ardhi, na ardhi ikibonyea inaliinamisha jengo. Kila mmoja anamsukuma mwenzake. Huwezi kuhesabu jengo peke yake ukaisahau ardhi. Na hapa, jirani anaponyonya maji, ni kama anatoa pamba upande mmoja wa godoro.”

Akawaonyesha kompyuta. Ndani yake mlikuwa na jengo lao, nguzo kwa nguzo, na chini yake udongo, tabaka juu ya tabaka: mchanga, udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga uliolowa maji. Vyote vilikatwa vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, na kompyuta ilihesabu kila kipande kikisukumwa kitasogea kiasi gani. Mhandisi aliita kitu hicho modeli.

“Inajuaje?” aliuliza Futi.

Mhandisi alimtazama vizuri. “Swali zuri hilo. Haijui. Inakisia kwa hesabu. Halafu mimi nalinganisha makisio yake na vipimo vya kweli kutoka ukutani. Vikitofautiana, narekebisha udongo wa kwenye kompyuta mpaka ufanane na huu tunaoukanyaga. Ndiyo maana nahitaji mtu wa kunipimia hapa, asubuhi na jioni.”

Macho yote yakamgeukia Futi. Nani mwingine? Mhandisi alikuwa ameufungia kila ufa skrubu mbili, moja upande huu na moja upande ule. Akampa Futi kalipa, chombo cha chuma chenye taya mbili kinachosoma hata sehemu moja ya kumi ya milimita, akamfundisha kupima kutoka skrubu hadi skrubu. Kila Ijumaa mama angepiga picha kurasa za daftari kwa simu na kumtumia mhandisi.

Wiki mbili za mwanzo, jamani, mtoto alifanya kazi! Hakukosa hata mara moja. Ufa wa mlango wa Bibi, skrubu hadi skrubu, ulianzia milimita hamsini nukta mbili. Ukapanda taratibu, leo chembe moja, keshokutwa chembe nyingine, ukafika hamsini nukta tisa.

Kisha yakaja mashindano ya mpira wa pete. Futi alikuwa mrefu, mlinzi wa goli, na mwalimu wa michezo akataka timu ibaki shuleni kila jioni. Jioni ya kwanza Futi alirudi saa moja, amechoka, miguu inawaka moto. Alilitazama daftari. Kisanduku cha saa kumi na moja jioni kilikuwa kitupu, na ukurasa wake ulikuwa safi kabisa, hauna pengo jingine hata moja. Aliona aibu kuuharibu. “Namba ninaijua,” alijiambia. “Si hupanda chembe moja tu?” Akaandika hamsini na moja kamili, akalala.

Asubuhi alipima, akapata hamsini na moja nukta nne. Akiandika hiyo, mhandisi ataona imeruka usiku mmoja tu, atauliza, na uongo wa jana utafichuka. Basi akaandika hamsini na moja nukta moja. Jioni akaandika hiyo hiyo. Kesho yake akaamua ni heri asipime kabisa, maana namba ya kweli ilikuwa inamsuta. Uongo wa kwanza ulimtaka wa pili, wa pili ukamtaka wa tatu, na ndani ya siku tisa ukurasa ulijaa namba nzuri, tulivu, zilizopangana kama vifungo vya shati. Hakuna hata moja iliyotoka ukutani.

Jumamosi mhandisi alirudi, ana furaha, akawakusanya tena uani. “Nina habari njema,” alisema. “Modeli yangu ilikisia kwamba nyufa zitaendelea kufunguka. Lakini vipimo vya bosi wetu vinasema zimesimama. Maana yake udongo wa hapa ni mgumu kuliko nilivyodhani. Nimeufanya kuwa mgumu zaidi kwenye kompyuta, na sasa hesabu zinalingana. Kwa hiyo jirani ameruhusiwa kuongeza kina cha shimo mita mbili, kuanzia Jumatatu.”

Watu walipiga makofi. Seremala alimnyanyua Futi mkono kama bondia aliyeshinda. Futi alitabasamu kwa meno tu. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa, lakini makofi yakaendelea, na mhandisi akatazama saa yake, akaaga, akapanda gari. Alikuwa na safari ya kikazi mpaka Jumatatu jioni.

Watu walipotawanyika, Futi alichukua kalipa akakimbia kwenye mlango wa Bibi. Akapima. Akafuta jasho la mikono, akapima tena. Hamsini na nne nukta sita. Ukuta ulikuwa umefunguka zaidi ya milimita tatu, na karatasi yake ilisema umelala usingizi.

Alimwendea mama yake, aliyekuwa ameinamia cherehani, rundo la sare za shule pembeni.

“Mama, kuna kitu nataka kukwambia. Kuhusu zile namba.”

“Mwanangu, nina sare arobaini za kumaliza kabla ya Jumatatu. Niambie nikimaliza.”

“Mama, ni muhimu.”

“Na sare ni muhimu! Futi, niache, nitakushona mkono na shati hapa.”

Alichukua simu ya mama akampigia mhandisi. Haipatikani. Akampigia mara saba. Haipatikani. Akapanda hadi ghorofa ya tatu kwa mwenye nyumba, akamkuta anakunywa maji huku amejiegemeza kwenye kiti chake.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Ehe, bosi?”

“Namba nilizompa Mhandisi si za kweli. Nyingine nilizibuni. Ukuta wa Bibi bado unafunguka. Naomba umwambie jirani asichimbe.”

Mzee aliweka glasi chini polepole. “Sasa nisikilize, mtoto. Mhandisi kasema. Kompyuta imesema. Jirani amekwishakodi mtambo wa kuchimbia. Na wewe unaniambia namba za jana ni za uongo, ila hii ya leo ndiyo ya kweli. Nitajuaje? Labda hii ndiyo ya uongo.”

Hilo ndilo lililomuumiza Futi kuliko yote: mzee alikuwa na haki. Alishuka ngazi akilia kimyakimya, akipita kwenye nyufa alizokuwa akizipima kwa majivuno.

Jumapili mlango wa Bibi ukawa mgumu kufunguka. Bibi alimwita seremala, naye akautazama kidogo tu, akatoa randa yake. “Mbao zimevimba, Bibi. Nitazipunguza kidogo.” Akaranda, takataka za mbao zikadondoka, mlango ukafungika na kufunguka vizuri.

“Fundi, mbao huvimba wakati wa mvua,” alisema Futi. “Sasa hivi ni jua kali. Si mlango ulioharibika, ni ukuta umeinama.”

“Haya, bosi,” alicheka seremala. “Na mimi nikija kukufundisha kudaka mpira utanisikiliza?”

“Bibi, lala kwetu leo,” aliomba Futi. “Tafadhali.”

“Nikalale wapi, juu ya cherehani?” alisema Bibi. “Nenda, mjukuu wangu. Mimi na chumba changu tumezoeana miaka ishirini.”

Jumatatu Futi alikwenda shule akiwa hana roho. Aliporudi mchana, mtambo wa jirani ulikuwa umekwishaanza kazi, na kila ukichota udongo madirisha ya jengo yalitetemeka. Alikimbia moja kwa moja hadi nyuma. Mlango wa Bibi ulikuwa umefungwa.

“Bibi!”

“Nipo. Nilikuwa nimelala. Nimejaribu kufungua, umegoma.”

Futi alisukuma kwa bega. Akavuta kitasa kwa mikono miwili, mguu ukutani. Mlango haukutikisika hata kidogo, fremu ilikuwa imeubana kwa juu. Dirisha lilikuwa na nondo. Ufa uliokuwa mstari mwembamba wa penseli sasa uliweza kumeza kidole.

“Mama! Fundi! Njooni!” alipiga kelele. Kelele za mtambo zilimmeza.

“Usilie, mjukuu wangu,” alisema Bibi kwa ndani. “Ni mlango tu.”

Kisha kikasikika kitu kikidondoka, na Bibi akapiga kelele moja fupi. Halafu kimya. Futi alipiga mlango kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Alikuwa na nguvu za mtoto wa miaka kumi na miwili tu, na mlango haukutaka hizo. Alijua vizuri ni nani aliyeufunga.

Akakimbia mpaka mbele, akamshika mama yake gauni, safari hii hakuomba ruhusa. “Bibi amefungiwa! Ukuta unamwangukia!” Mama alitupa mkasi. Seremala alishuka ngazi tatutatu na shoka lake. Alipouona ufa, uso wake ulibadilika, akasema tu, “Salaala,” akaanza kupasua mlango. Kila pigo lilidondosha plasta. Lilipopatikana tundu la kutosha, mama aliingia, akamtoa Bibi, amefunikwa vumbi jeupe, bega la kushoto limeumia kwa kipande cha plasta. Alikuwa anapumua. Alikuwa hata na nguvu za kuulizia viatu vyake.

“Tokeni wote!” alipaza sauti Futi. “Namba zilikuwa za uongo! Mimi ndiye niliyezibuni! Tokeni!”

Sasa walimsikiliza. Hata mwenye nyumba alishuka, funguo zikimlia mfukoni. Seremala aliruka hadi shimoni akasimama mbele ya mtambo mpaka ukazimwa.

Mhandisi alifika jua likiwa bado halijazama, begi la safari mkononi. Alimkuta Futi ng'ambo ya barabara, amekaa kwenye ukingo wa mtaro kando ya Bibi, bega la Bibi limefungwa kwa kitambaa cha sare. Futi alisimama akamwambia yote, toka jioni ya kwanza ya mpira wa pete mpaka namba ya Jumamosi.

Mhandisi hakufoka. Alifungua kompyuta juu ya boneti ya gari, akafuta namba za siku tisa, akaurudisha udongo ulivyokuwa kabla hajaufanya mgumu, akaweka hamsini na nne nukta sita. Walingoja. Lile jengo dogo la kwenye kioo likaanza kuinama upande wa shimo, na pembe ya chumba cha Bibi ikawa nyekundu.

“Ilikuwa inajua,” alinong'ona Futi. “Modeli ilikuwa inajua.”

“Ilikuwa inakisia vizuri,” alisema mhandisi. “Mimi ndiye niliyeibishia. Ilisema ukuta utafunguka, wewe ukaniambia haufunguki, nami nikakuamini. Kompyuta haijawahi kuliona jengo hili, Futi. Ilikuwa ikiona kwa macho yako tu.” Akafunga kompyuta. “Na mimi nina kosa langu. Namba zako zilikuwa nzuri mno. Ukuta wa kweli haupangi namba vizuri hivyo. Ningekuja kupima mwenyewe hata mara moja, ningejua.”

Jioni ile familia zote zilihama, wengine kwa ndugu, wengine kwa marafiki. Futi na mama yake na Bibi walipata nafasi kwa shangazi, watu saba chumba kimoja, cherehani barazani. Magogo yaliletwa kutegemeza ukuta. Shimo lilijazwa tena hadi nusu, na pampu ikapunguzwa nguvu. Mama alimfokea Futi, tena alifoka hasa, kisha siku moja akasema kwa sauti ya chini, “Na mimi ulinijia nikakufukuza.” Hawakulizungumza tena.

Mhandisi alimrudishia Futi kalipa, na wapangaji wakanung'unika. “Apime,” alisema, “na fundi seremala apime baada yake.” Wakapima wiki saba, wakimtumia namba kila siku. Mara mbili Futi aliumwa homa na seremala alikuwa safarini, na visanduku vikabaki vitupu. Kila mara mhandisi alipiga simu kesho yake. “Kulikoni jana?” “Niliumwa.” “Haya, asante. Upone.”

Mwishoni mwa wiki ya saba mhandisi aliwaita wote mbele ya jengo. Namba zilikuwa zimesimama, za kweli safari hii, zenye kupanda na kushuka kidogo kama kifua cha mtu aliyelala. Watu wangeweza kurudi. Vigelegele vikapigwa.

“Na chumba changu?” aliuliza Bibi.

“Hicho, mama, tutakibomoa. Msingi wake umepasuka. Samahani sana.”

Bibi aliitikia kwa kichwa, akajifunga vizuri kitambaa cha bega. Futi ndiye aliyeshindwa kujizuia. Alimfuata mhandisi mpaka kwenye gari.

“Naomba uniambie ukweli. Ningepima zile siku tisa, chumba cha Bibi kingepona?”

“Nimelijaribu swali hilo kwenye kompyuta, zaidi ya mara moja. Kama ukuta ulifunguka polepole, basi tungesimamisha pampu na chumba kingepona. Kama ulifunguka ghafla siku moja, pengine tungechelewa tu. Ili nijue, nahitaji namba za siku zile tisa. Na sina.”

“Hatuwezi kuzipata sasa?”

“Hakuna anayeweza, Futi. Si wewe, si mimi, si kompyuta. Ukuta hupimwa siku yake tu, na siku hiyo ikipita imepita.” Aliinama mpaka nyuso zao zikalingana. “Siwezi kukwambia ndiyo ili ujilaumu, wala hapana ili upate usingizi. Yote mawili yangekuwa kubuni, kama ulivyobuni wewe. Kwa hiyo shika hili na uende nalo ukubwani: kazi ikikushinda, sema imenishinda, usipojua, andika sijui. Mtu anayeacha kisanduku kitupu ametunyima namba moja. Anayekijaza kwa uongo ametunyima zote.”